"Port" ya Kiingereza: bandari, lango, kushoto, mzigo na mvinyo

Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza utafute "port". Hutakuta neno moja lenye maana nyingi. Utakuta maneno kadhaa yamepangwa moja chini ya jingine, kila moja na namba yake: bandari, mlango au tundu, upande wa kushoto wa chombo, mvinyo mtamu wa Ureno, kubeba. Watunzi wa kamusi hawakuyatenganisha ili kujaza kurasa. Maneno hayo yaliingia Kiingereza nyakati tofauti, mengine kwa mkono wa Kifaransa, mengine moja kwa moja kutoka Kilatini, na kufanana kwake kulikuja baadaye.

Mombasa ni vigumu kulikwepa. Limo kwenye hati za shehena za bandari ya Kilindini, kwenye majina ya mitaa, kwenye amri za rubani anayeingiza meli, kwenye simu inayokataa kuchaji na kwenye namba iliyohamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine. Anayefasiri kila "port" kuwa "bandari" atapatia mara nyingi. Kisha siku moja ataandika kwamba meli imekwaruzwa "upande wa bandari", na mkaguzi wa bima ataenda kuukagua ubavu uliotazama gati, kumbe mkwaruzo uko ubavu wa pili.

Mzizi wa kuvuka

Wataalamu wanaolinganisha lugha za Ulaya na zile za Bara Hindi wameunda upya mzizi wa kale sana wenye maana ya kupita, kuvuka, kupenya. Huuandika *per-, na nyota ya mbele ni alama kwamba haukupatikana katika maandishi yoyote. Kutokana na mzizi huo Kilatini kilipata maneno matatu tunayoyahitaji hapa: "portus", bandari, "porta", lango, na kitenzi "portare", kubeba. Bandarini ndipo chombo kinapopitia kuifikia nchi kavu, langoni ndipo mtu anapopitia kuingia mjini, na kubeba ni kupitisha kitu kutoka hapa hadi pale.

Kiingereza chenyewe si mtoto wa Kilatini. Ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi, na katika ukoo huo p ya kale iligeuka kuwa f. Ndiyo sababu Kilatini kina "pater" na Kiingereza "father". Kule "piscis", huku "fish". Kule "pes", huku "foot". Kwa kanuni hiyohiyo, mzizi uliozaa "portus" upande wa Kilatini ulizaa upande huu neno "ford", yaani mahali pa mto panapovukika kwa miguu, "fare", ambalo zamani lilikuwa safari yenyewe kabla halijawa nauli, na "ferry". Basi feri ya Likoni inaposubiri meli ipite kuelekea gatini, majina ya Kiingereza ya mambo hayo mawili, "ferry" na "port", yana babu mmoja.

Bandari, na maji yaliyokingwa

"Port" ya maana ya bandari ndiyo kongwe zaidi. Kiingereza cha Kale kilikwisha kuichukua kutoka Kilatini kabla Wanormani hawajavuka kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, na wakati huo iliweza pia kumaanisha mji wenye soko. Msimamizi wa mji kama huo aliitwa "portreeve", hata ikiwa mji wenyewe uko mbali na bahari.

Jirani yake "harbour" ana asili nyingine kabisa. Chimbuko lake ni maneno mawili ya kale yenye maana ya kambi au hifadhi ya jeshi, baadaye likawa makazi ya msafiri, na mwisho likawa maji yaliyokingwa na upepo na mawimbi. Tofauti hiyo ingali hai. "Harbour" ni kazi ya maumbile: kina, miamba, ghuba. "Port" ni gati, winchi, maghala, forodha na sheria. Sisi tuna "bandari", tuliyoipata kwa Waajemi, nayo hubeba yote mawili bila malalamiko. Ila katika maandishi ya kiufundi ni heri kusema "maji ya bandari" pale Kiingereza kinaposema "harbour", maana mtu anayesoma kuhusu kuchimba kina hataki kudhani kwamba kuna ghala linalobomolewa.

Ramani ya Mombasa, hata hivyo, inahifadhi matumizi ya zamani ambayo hayajali tofauti hiyo. Port Reitz na Port Tudor ni majina waliyopewa makono mawili ya bahari yanayokizunguka kisiwa, enzi ambayo hapakuwa na gati hata moja huko. Reitz alikuwa luteni katika msafara wa Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1824 Owen aliwakubalia Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, ulinzi dhidi ya Sultani wa Omani, akamwacha luteni huyo mjini kama mkuu wa himaya. Reitz alifariki mwaka huohuo, na himaya yenyewe ilivunjwa mwaka 1826. Mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakichora pwani waliandika "Port" popote waliposadiki kwamba meli inaweza kulala salama. Leo ukimwambia mwenye tuktuk Port Reitz atakupeleka mtaani, si majini. Na Tudor watu wameshaiondolea "Port" yake kabisa.

Mtindo huo ulisafiri na reli. Njia iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo cha mwisho kilibatizwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Ndiyo Kisumu ya leo.

Kwenye hati za shehena maana ni ya bandari kweli, lakini kuna visanduku vitatu vinavyochanganywa. "Port of loading" ni bandari mzigo ulipopakiwa. "Port of discharge" ni bandari unaposhushwa melini. "Place of delivery" ni mahali mwenye chombo anapoukabidhi, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Kontena la mfanyabiashara wa Nairobi huandikwa Mombasa katika kisanduku cha pili na Nairobi katika cha tatu. Maana yake litashushwa Kilindini, lipakiwe kwenye treni, likakombolewe kwenye bandari kavu ya Embakasi. Mwenye mzigo akisoma kisanduku cha pili peke yake atamtuma wakala Kilindini kuulizia kontena ambalo limekwisha kuondoka, huku siku za bure za kuhifadhi zikimalizika Embakasi. Kinyume chake pia hutokea: kisanduku cha tatu kikiandikwa Mombasa, usafiri wa bara ni juu ya mnunuzi, na hakuna treni itakayoletwa kwa hisani. Ukiona herufi KEMBA kwenye fomu usihangaike. Ni alama ya kimataifa ya Mombasa, herufi mbili za nchi na tatu za mji.

Kuna "port" nyingine inayoonekana bila hati yoyote. Ukiwa kwenye feri meli ikapita mbele yako, soma maandishi ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo: chini ya jina la meli kuna jina la mji, mara nyingi Monrovia, Panama au Majuro. Hiyo ni "port of registry", bandari ambako chombo kimeandikishwa. Haisemi meli imetoka wapi wala inakwenda wapi, na huenda haijawahi kutia nanga huko tangu iundwe.

Upepo unaoelekea bandarini

Hapa kuna tawi ambalo watu wa pwani wangeweza kulibuni wenyewe. Kilatini kilikuwa na neno "opportunus", lililoundwa kwa "ob", kuelekea, na "portus". Lilitumika kwa upepo unaovuma kuelekea bandarini, upepo ufaao kwa wakati ufaao. Kutoka hapo Kiingereza kina "opportune" na "opportunity", fursa. Aliyezoea misimu hahitaji maelezo marefu: kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, ndio ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi Mombasa, na kusi ndio uliowarudisha. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga hakuwa amekosa siku moja; amekosa msimu.

Kinyume chake kilikuwa "importunus", kisicho na bandari, kisichofaa, msumbufu. Kiingereza bado humwita "importunate" mtu anayeng'ang'ania kuomba mpaka akakukera. Usilichanganye na "important", ambalo linafanana nalo sana lakini limetoka kwenye kubeba.

Ubavu wa kushoto

Hii ndiyo maana inayowatatiza wengi, kwa sababu haionekani kuhusiana na chochote. Vyombo vya kale vya kaskazini mwa Ulaya havikuwa na usukani katikati ya tezi. Viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia karibu na tezi, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Ubavu huo ukaitwa "steorbord", ubavu wa kuongozea, na leo ni "starboard". Chombo kikikaribia gati kwa upande huo, kasia litabanwa na kuvunjika. Kwa hiyo kilifungwa kwa ubavu wa pili, na mizigo ikapitia hapo. Ubavu wa pili uliitwa "larboard", yaelekea kwa maana ya ubavu wa kupakilia.

Tatizo ni la sikio. "Starboard" na "larboard" zikipigiwa kelele katika upepo husikika karibu sawa, na amri ya kwenda kulia ikisikika kama ya kwenda kushoto matokeo yake ni mwamba. Mabaharia walikwisha kuanza kutumia "port", ubavu unaotazama bandari. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza matumizi hayo rasmi mwaka 1844, na la Marekani mwaka 1846. "Larboard" ikafa.

Kwa nini wasiseme kushoto tu? Kwa sababu kushoto kunamfuata mtu. Baharia aliyeelekea tezi ana kushoto kwake, aliyeelekea omo, yaani mbele ya chombo, ana kwake, na amri moja inakuwa amri mbili. "Port" imegandishwa kwenye chombo: ni kushoto kwa anayetazama omo, hata wewe umelala chali. Majahazi yetu yalilitatua suala hilo kwa njia nyingine, kwa kuufuata upepo. Upande unaotoka upepo ni joshi, unaokwenda upepo ni demani, na chombo kikibisha na tanga likahamishwa, joshi na demani hubadilishana. Kwa chombo cha tanga ni mfumo wenye akili kuliko wa Kiingereza, kwani kinachomhusu nahodha ni upepo. Lakini ndiyo maana huwezi kuchukua joshi au demani ukaifanya tafsiri ya "port". Andika "ubavu wa kushoto, ukielekea omo" mara ya kwanza, halafu "ubavu wa kushoto" katika sehemu zote zinazofuata.

Usiku ubavu wa kushoto una taa nyekundu na wa kulia ya kijani. Kila taa humulika pembe ya nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa ya chombo hadi nyuma kidogo ya ubavu. Simama usiku kwenye ufuo wa Mama Ngina, kisiwani Mombasa, utazame mlango wa bahari: meli inayoingia Kilindini ina kisiwa kulia kwake, hivyo utaona kijani. Inayotoka itakuonyesha nyekundu. Aliye ng'ambo ya Likoni anaona kinyume. Mvuvi aliye majini akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, meli inamjia uso kwa uso, wala asingoje kusikia honi. Katika mkondo mwembamba kama ule, chombo chenye urefu usiofika mita 20, na chombo chochote cha tanga, hakiruhusiwi kuizuia meli ambayo haina pengine pa kupita. Meli kubwa haiwezi kumkwepa, na nahodha wake huenda asimwone kabisa akiwa chini ya omo.

Kwenye makutano ya bahari wazi, sheria inayohusu vyombo viwili vya injini ni hii: anayemwona mwenzake kuliani kwake ndiye anayempisha. Kwa hiyo anayempisha huiona taa nyekundu ya mwenzake. Wakikutana uso kwa uso, kila mmoja hukata kulia, na hupishana nyekundu kwa nyekundu.

Maboya yanafuata rangi hizohizo, lakini kwa sharti. Dunia imegawanywa kanda mbili. Kenya iko ile ya kwanza pamoja na Afrika yote, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia: chombo kinachoingia kutoka baharini huyaweka maboya mekundu, yenye umbo la pipa, kushoto, na ya kijani, yenye umbo la koni, kulia. Mabara ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino hufanya kinyume. Anayetoka bandarini naye huyaona kinyume. Kosa la mgeni ni kukariri "nyekundu ni kushoto" bila kuongeza "unapoingia, na katika kanda hii".

Amri za usukani zilikuwa na mtego wake hadi karne iliyopita. Kana, yaani mpini wa usukani, ikisukumwa kushoto, chombo hukata kulia. Amri za zamani zilitaja mahali pa kana, si mahali pa omo, na desturi hiyo iliendelea hata meli zilipokuwa za chuma na gurudumu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, afisa wa zamu katika Titanic alipoliona jabali la barafu alitoa amri ya "starboard", na meli ikageuka kushoto kama alivyokusudia. Hakukosea, ndivyo amri ilivyomaanisha. Meli za Uingereza ziliiacha desturi hiyo mwaka 1933. Anayefasiri kumbukumbu za safari za kabla ya hapo lazima alijue jambo hili, la sivyo atazipeleka meli zote upande usiokuwa wake.

Ndege zimerithi rangi zilezile: taa nyekundu ncha ya bawa la kushoto, kijani la kulia. Na abiria hupandia kushoto.

Lango na tundu

"Porta" ya Kilatini ilizaa "portal", "portico" na "porch", zote zikiwa aina za mlango au sehemu ya mbele ya mlango. Kwenye meli za vita "port" lilikuwa tundu lililotobolewa ubavuni ili mzinga utoe mdomo, likiwa na kifuniko cha kufungwa bahari ikichafuka. Vasa, meli ya mfalme wa Uswidi, ilizama Stockholm Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza. Ilikuwa nzito juu, upepo ukailaza, na maji yakaingia kupitia matundu ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi. Dirisha la duara la meli, "porthole", jina lake limetokana na tundu hilo, si na bandari.

Hapa pia ndipo Kiingereza kinapoonekana maskini kuliko Kiswahili. "Porter" ni maneno mawili yaliyogongana. Mmoja ni mlinzi wa lango, kutoka "porta". Mwingine ni mbebaji, kutoka "portare". Sisi tuna bawabu kwa wa kwanza na hamali kwa wa pili, na hakuna aliyewahi kumtuma bawabu sokoni Marikiti akavute mkokoteni. Katika tafsiri angalia mahali: "porter" wa chuo au jengo la kifahari Uingereza kwa kawaida ni bawabu, wa kituo cha reli ni hamali, na wa hospitali ni msukuma machela. Bia nyeusi inayoitwa "porter" ni ya mahamali. Ndio walioipenda London katika karne ya 18.

Kompyuta zilichukua lango. "Port" za mtandao ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, kwa kuwa zimetengewa biti 16. Kompyuta ina anwani moja lakini programu nyingi, na namba hiyo huonyesha data iliyofika igonge mlango gani. Kurasa za tovuti zilizosimbwa hupitia 443, zisizosimbwa 80, barua pepe kati ya seva na seva 25. Programu ikigoma kuwaka ikidai "port" imeshikwa, maana yake programu nyingine tayari imekaa kwenye mlango huo. Ama uzime ile ya kwanza, ama uipe ya pili namba tofauti. Kununua kebo mpya hakutasaidia kitu.

Kebo inahusika na "port" ya pili ya kompyuta, tundu lenyewe la chuma. Katika simu za sasa za USB-C tundu hilo lina pini 24, dogo kiasi kwamba vumbi la mfukoni likishindiliwa ndani hugeuka kama sufi. Dalili ni kebo isiyoingia yote, au simu inayochaji kwa kushikiliwa kwa pembe. Mombasa kuna adui wa ziada, unyevu wenye chumvi, ambao huacha ukungu wa kijani kwenye pini. Zima simu, ondoa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao au plastiki, ukikwangua chini na pembeni bila kuugusa ulimi wa katikati. Sindano hupinda pini au kuziunganisha. Kupuliza kwa mdomo huongeza mate na unyevu. Ukungu wa kijani huhitaji brashi laini na spiriti ya kusafishia vifaa yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kisha simu ikauke kabisa kabla ya kuguswa na chaji. Kwa Kiswahili, tundu linatosha. Kwa zile namba za mtandao, mlango.

Kubeba

"Portare" ndiyo yenye uzao mkubwa kuliko zote. Kubeba kuingiza ni "import", kubeba kutoa ni "export", kuvusha ni "transport", kumtoa mtu nchini ni "deport". Kubeba habari kurudi nazo ni "report", na kubeba kwa chini ili kitu kisianguke ni "support". "Sport" imekatwa kichwa: Kifaransa cha Kale kilisema "desporter", kuibeba akili mbali na shughuli nzito, yaani kujiburudisha. "Important" ni kile kinacholeta matokeo ndani yake, kwa hiyo kina uzito.

Angalia sasa yaliyoingia Kiswahili: ripoti, ripota, sapoti, spoti, na pasipoti, ambayo ni Kifaransa "passer", kupita, pamoja na "port". Wajukuu wengi tumewapokea, lakini "port" yenyewe haikupata nafasi, kwa kuwa bandari, lango, kushoto na kubeba vyote vilikuwa na wenyewe.

Jinsi mtu anavyoubeba mwili wake nayo ikaitwa "port", na mwenye mwendo wa heshima akaitwa "portly". Kwa kuwa waheshimiwa waliotembea hivyo walikuwa na matumbo, leo neno hilo ni njia ya adabu ya kumwita mtu mnene.

Humu ndimo ilimo "port" ya simu ambayo si tundu. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake. Kiingereza husema ame-"port", yaani ameibeba namba. Programu iliyotengenezewa mfumo mmoja ikahamishiwa mwingine nayo ime-"port"-iwa kwa maana hiyohiyo. Tafsiri ni kuhamisha. Matokeo yake ni kwamba tarakimu nne za mwanzo hazithibitishi tena mtu yuko kampuni gani, jambo la kukumbuka kabla ya kutuma muda wa maongezi.

Mvinyo na nchi

Mvinyo wa "port" umepata jina kwa mji wa Porto, ulio kwenye mdomo wa mto Douro. Wareno husema "o Porto", yaani ile bandari. Waingereza walimeza na kiambishi chake wakaandika Oporto. Biashara ilichangamka baada ya mkataba wa mwaka 1703 kupunguza ushuru wa mvinyo wa Ureno huko Uingereza, chini ya ule wa Ufaransa. Mwaka 1756 serikali ya Ureno ikaweka mipaka ya bonde linaloruhusiwa kuuzalisha.

Utamu wake unatokana na kukatizwa. Maji ya zabibu huchachuka mpaka karibu nusu ya sukari imeliwa na hamira, kisha humwagiwa spiriti ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77, takriban sehemu moja kwa nne. Hamira hufa, sukari iliyosalia hubaki, na mvinyo hufikia asilimia 20 hivi. Spiriti ikiwahishwa, kinywaji huwa kama sharubati yenye kileo. Ikicheleweshwa, utamu wote umekwisha kuliwa. Rangi yake nyekundu huwasaidia wanafunzi wa ubaharia kukumbuka taa ya "port", kama vile herufi nne za "port" na "left" zinavyowasaidia kukumbuka upande.

Jina la nchi yenyewe limo humuhumu: Portus Cale ya Warumi, jirani na Porto ya leo, ndiyo iliyokuja kuwa Portugal. Waarabu nao huliita chungwa "burtuqal" kwa jina la nchi hiyo. Kiswahili kilikwenda njia yake: waliojenga Fort Jesus tunawaita Wareno, na asili inayotajwa ni "reino", ufalme, neno waliloweza kujitambulisha nalo wenyewe. Katika jina letu la nchi hiyo hakuna bandari yoyote.

Wasio wa ukoo

"Portrait", picha ya mtu, imetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuvuta, "trahere", kwa maana ya kuchora mistari. "Portion", fungu, ni wa ukoo wa "part". "Portent", ishara ya jambo lijalo, imetokana na kunyoosha mbele, "tendere". Silabi za mwanzo zinafanana kwa bahati tu.

Aliyekwisha kujifunza kwamba p hugeuka f anaweza kushawishika kuingiza na "fort" ya Fort Jesus humu. Haimo. Badiliko lile lilizihusu sauti ambazo Kiingereza kilirithi kwa mababu zake, ilhali "fort" ililetwa baadaye na Kifaransa, kutoka Kilatini "fortis", imara, ambayo f yake ni ya Kilatini tangu awali. Forodha nayo si ndugu wa "ford", pamoja na kuwa inakaa bandarini: ni neno la Kiarabu.